Hewa ya Riyadh, hewa ya Mwanza: hesabu ya droni ya mizigo

Tarehe 12 Juni 2024, siku mbili kabla ya mahujaji kuelekea Mina, Waziri wa Uchukuzi wa Saudi Arabia, Saleh Al-Jasser, alizindua mjini Makka safari ya majaribio ya chombo cha angani kisicho na rubani. Chombo hicho, EH216-S, kimetengenezwa na kampuni ya EHang ya Guangzhou, China. Kilirushwa kwa ushirikiano na Front End, kampuni ya Riyadh, kwa kibali cha GACA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo. Kina mikono 8, propela 16 na viti viwili.

Magazeti yaliandika kuhusu teksi ya angani. Fundi wa droni angekitazama kwa jicho jingine, kwa sababu hii ni droni ya mizigo, ndugu wa zile zinazonyunyizia dawa mashambani, iliyokuzwa mpaka ikatosha kubeba watu. Uzito wake wa juu wa kuruka ni kilo 620. Mzigo unaoruhusiwa ni kilo 220. Muda wa kukaa angani ni kama dakika 25.

Dakika 25 tu! Kijana anayepiga picha za harusi Kinondoni ana droni isiyofika hata robo kilo, na yake inakaa juu dakika 30 na zaidi. Inakuwaje chombo kikubwa hivyo, chenye betri za kujaza buti la gari, kichoke mapema kuliko kadude kanakoingia mfukoni? Swali hilo linamhusu kila anayetaka kuunda droni ya kubeba mzigo mzito na kukaa hewani muda mrefu, awe Riyadh, Jeddah au Mwanza. Jibu lake lina sehemu mbili. Ya kwanza ni uzito. Ya pili ni hewa yenyewe, na hapo ndipo Saudi Arabia ilipo darasa zuri kuliko nchi nyingi.

Tuanze na uzito. Propela huinua chombo kwa kusukuma hewa kwenda chini. Mhandisi wa Scotland, William Rankine, alikwisha kuandika misingi ya hesabu hiyo mwaka 1865 akifikiria propela za meli, kabla hata ndege hazijakuwapo. Ukisukuma hewa nyingi polepole, unatumia nguvu kidogo. Ukisukuma hewa kidogo kwa kasi, unatumia nguvu nyingi kupata msukumo ule ule. Mvuvi wa mtumbwi anayajua haya bila kitabu: kasia pana hukufikisha kwa mapigo ya taratibu, kasia jembamba hukutoa jasho.

Kutokana na hesabu hiyo, uzito wa droni ukiongezeka mara 2 huku propela zikibaki zile zile, nguvu inayohitajika ili ielee mahali pamoja huongezeka karibu mara 2.8. Hapo ndipo wengi wanapoanguka. Mtu anaona droni yake inakaa dakika 15, anaongeza betri ya pili akitarajia dakika 30. Anapata 20 na ushei, na mota zinazochemka.

Anayedhani haya ni nadharia ya darasani aangalie takwimu za watengenezaji wenyewe. FlyCart 30 ya kampuni ya DJI, droni ya mizigo inayofahamika sana siku hizi, ina uzito wa kilo 65 ikiwa na betri zake mbili. Tupu, inaweza kwenda kilomita 28. Ikibebeshwa kilo 30 inafika 95, na safari inakuwa kilomita 16. Chukua kikokotoo, tumia kanuni ile ya Rankine, utapata karibu 16 hiyo hiyo. Kampuni hiyo hiyo iliuza droni ya kunyunyizia dawa iitwayo Agras MG-1S, yenye tanki la lita 10. Tanki likiwa tupu ilielea kama dakika 22, likijaa kama 10. Hesabu inajibu vile vile.

Sasa tuunde ya kwetu, karatasini. Tuseme tunataka kubeba kilo 10: chupa za damu na barafu yake, au kamera ya kupima majengo kwa miale ya leza. Fremu ya nyuzi za kaboni, mota 6, vidhibiti mwendo vya mota, nyaya na ubongo wa kuongozea vinachukua kilo 8. Betri, kilo 9. Jumla kilo 27. Propela ziwe 6 za inchi 30. Kwa hewa ya kawaida, usawa wa bahari na nyuzijoto 15, chombo hiki kitahitaji kama wati 2,800 kuelea. Betri ya kilo 9 iliyo nzuri ina wati-saa kama 1,800. Hatuimalizi yote, tunaacha moja ya tano kwa ajili ya kutua salama na kulinda uhai wa betri. Tunapata dakika 31.

Fundi hajaridhika. Anataka 40. Afanye nini?

Akiongeza betri nyingine ya kilo 9, jumla inakuwa kilo 36 na anapata dakika 40. Ameziona, lakini kwa gharama: mota sasa zinafanya kazi karibu zaidi na ukomo wake, mikono inapinda zaidi, na kila kilo ya fremu atakayoongeza kuimarisha mikono hiyo itamla dakika. Akiendelea kuongeza, kuna dari. Kwa chombo hiki dari ni kama dakika 44, betri zikifika kilo 36, yaani mara mbili ya uzito wa vitu vingine vyote. Zaidi ya hapo muda unaanza kushuka. Kutoka betri moja hadi nne, faida yote ni dakika 13.

Akifanya kinyume, akaacha betri ile ile na kupunguza kilo 5 za mzigo au fremu, anapata dakika 42. Tafadhali soma tena: kuondoa kilo 5 kumempa zaidi kuliko kuongeza betri ya kilo 9. Kwenye chombo cha ukubwa huu kila kilo unayoinyang'anya ni karibu dakika 2. Ndiyo maana waundaji makini hupima hata skrubu, hukata nyaya ndefu, na miguu ya kutulia iliyonakshiwa huwaachia wauza duka.

Njia ya pili ni propela. Akishuka kutoka inchi 30 hadi 24 ili droni iingie kwenye gari dogo, dakika 31 zinakuwa 25. Akipanda, anapata faida, mradi mota ziwe za mzunguko wa taratibu zenye nguvu ya kuzungusha, na mikono iwe mirefu ili propela zisigongane. Mota inayozunguka kasi mno kwa kila volti ndiyo kosa la kawaida la anayeanza. Ameizoea kwenye droni za mbio, na kwenye mizigo inamuunguza. Volti nazo zipandishwe. Wati 2,800 kwenye volti 22 ni ampea 127. Kwenye volti 44 ni 64 tu, na joto linalopotea kwenye waya ule ule linashuka hadi robo.

Njia ya tatu ni aina ya betri. Betri bapa za lithiamu zinazotumiwa na wapenzi wa droni hutoa umeme kwa kishindo, lakini kwa kila kilo hubeba nishati kidogo kuliko seli za duara za milimita 21 kwa 70, jamaa za zile zilizo kwenye magari ya umeme. Seli hizo hazipendi kukamuliwa kwa nguvu. Droni ya mizigo iliyoundwa vizuri haizikamui sana. Inaelea taratibu kwa propela kubwa. Ukitoka wati-saa 200 kwa kilo hadi 240, dakika 31 zinakuwa 37 bila kuongeza hata gramu. Kwa maoni yangu hili ndilo badiliko la bei nafuu kuliko yote.

Halafu kuna mpangilio wa propela. EH216-S imeweka mbili kwa kila mkono, moja juu na moja chini. Ya chini inazunguka kwenye hewa iliyokwisha kuvurugwa na ya juu, kwa hiyo ufanisi unapotea. Kwa nini wakafanya hivyo? Kwa sababu chombo kinabaki kidogo, na propela moja ikifa nyingine 15 zipo. Anayebeba watu hana budi kulipa gharama hiyo. Anayebeba mbolea juu ya shamba lisilo na mtu anaweza kuchagua mikono 6 ya propela moja moja na kubaki na dakika zake. Propela 4 kubwa zingempa muda zaidi, lakini mota moja ikizima, chombo cha kilo 27 kinaanguka kama jiwe. Mimi juu ya vichwa vya watu nisingekiruhusu.

Kwa kweli haya mashindano na muda si ya leo. Mei 1924, Mfaransa Étienne Oehmichen alizungusha chombo chake chenye rota 4 umbali wa kilomita 1, akatua baada ya dakika 7 na sekunde 40. Miaka 100 na mwezi mmoja baadaye, Makka, tumefika 25.

Twende sasa kwenye hewa.

Riyadh iko kama meta 600 juu ya usawa wa bahari, katikati ya nchi kavu. Alasiri ya Julai kipimajoto hufika nyuzi 45 bila mtu kushangaa. Hewa ya moto hutanuka, na hewa iliyotanuka ni nyepesi. Kwenye kipimo cha kawaida cha wahandisi wa ndege, meta moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.225. Riyadh alasiri hiyo inabaki na kilo 1.03 hivi. Propela ile ile, ikizunguka kasi ile ile, inasukuma hewa pungufu kwa asilimia 16.

Kwa droni yetu, dakika 31 zinashuka hadi 28 na nusu. Hilo si jambo la kulilia. Linalotisha ni akiba ya nguvu. Muundaji mwangalifu huchagua mota zenye uwezo wa kuinua mara mbili ya uzito wa chombo, ili upepo ukivuma au kikitakiwa kupanda ghafla, nguvu iwepo. Mota za droni yetu zingeweza kuinua kilo 54. Alasiri ya Riyadh zinainua 45. Ukiwa umeongeza ile betri ya pili na kufika kilo 36, umebaki na akiba finyu mno, na upepo wa vumbi wa jangwani haukupi taarifa.

Jeddah ni hadithi nyingine. Iko ufukweni mwa Bahari ya Shamu, kwa hiyo hewa yake ni nzito kidogo: kama kilo 1.12 siku ya nyuzi 38. Hata hivyo wakazi wake hawasahau tarehe 22 Juni 2010, ilipofika nyuzi 52. Unyevu wake pia huwapoteza watu. Wengi hudhani hewa yenye jasho ni nzito kwa sababu inakulemea kifuani. Kinyume chake, mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, na unyevu wa Jeddah unaipunguzia propela asilimia 1 au 2 nyingine. Shida kubwa zaidi pale ni chumvi. Mota za droni ziko wazi ili zipoe. Upepo wa bahari unaingia ndani yake, unakula beringi na maungio ya nyaya. Mtu wa Mombasa au Pemba anajua chumvi inavyofanya bati. Riyadh badala ya chumvi kuna vumbi laini, nalo linaingia mlango ule ule.

Joto lenyewe, mbali na kuipunguza hewa, linapiga vyuma. Betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi 45, na betri iliyoachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani Riyadh hupita hapo hata haijaguswa. Sumaku za kawaida za ndani ya mota huanza kupoteza nguvu zikikaribia nyuzi 80. Ukianzia 45 ya hewani, safari ya kufika 80 ni fupi. Watengenezaji wanalijua hilo. Droni ya picha ya DJI Mavic 3 imeandikiwa mwisho nyuzi 40. Kwa maana hiyo mchana wa kiangazi Riyadh hairuhusiwi hata kuwashwa, ukifuata kitabu chake. FlyCart 30 imeandikiwa 45. Kazi ya busara inafanyika alfajiri, hewa ikiwa na nyuzi 30 hivi, na hapo unajirudishia asilimia 5 ya msukumo bila kugharimia kitu.

Hija ya mwaka ule wa 2024 ilionyesha ukali wa joto hilo kwa namna ya kuhuzunisha. Tarehe 17 Juni, siku 5 tu baada ya uzinduzi wa kile chombo, Msikiti Mtakatifu wa Makka ulisajili nyuzi 51.8. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, wengi wao wakiwa watu waliohiji bila kibali rasmi, hivyo kukosa mahema na huduma za kupoza joto. Mahujaji walikuwa 1,833,164. Katika msongamano huo gari la wagonjwa halipiti, na ndipo droni inapopata maana. Wizara ya Afya ya huko imekuwa ikijaribu kusafirisha damu, sampuli na dawa kwa droni kati ya hospitali za maeneo matakatifu. Umbali ni mfupi, mzigo ni mdogo, na anayesubiri hawezi kungoja. Kazi ya namna hiyo haidai dakika 40. Inadai droni inayoruka saa nane mchana, Juni, bila kuzimika.

Nilipofika hapa nikaacha Saudi Arabia nikachukua ramani ya kwetu, na hesabu ikanishangaza.

Mwanza iko kama meta 1,140 juu ya usawa wa bahari. Siku ya nyuzi 28, siku ya kawaida kabisa, hewa yake ina kilo 1.02 kwa meta ya ujazo. Ni ile ile ya Riyadh kwenye nyuzi 45! Nairobi, kwenye meta 1,700 na nyuzi 22, siku ambayo watu wamevaa sweta, hewa haifiki hata kilo 0.98. Droni yetu inayokaa dakika 31 kwenye vitabu itakaa chini ya 28 Nairobi, na mota zilizokuwa zinainua kilo 54 zitainua 43. Kwa upande wa hewa, Nairobi ni mahali pagumu zaidi kwa droni ya mizigo kuliko mji mkuu wa Saudi Arabia katikati ya kiangazi. Nafuu yetu ni kwamba baridi inazilinda betri na sumaku. Waliobahatika ni watu wa pwani: Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa wana hewa nzito yenye kilo 1.16 hivi.

EHang imeyapitia yote mawili, joto la Saudi Arabia na mwinuko wa kwetu. Septemba 2025 chombo kile kile cha EH216-S kilirushwa Kigali, mji ulio juu ya meta 1,500, wakati wa mkutano wa wadau wa usafiri wa anga wa Afrika. Watazamaji walishangilia kukosekana kwa rubani. Mimi ningemuuliza fundi wao swali moja tu: mmepunguza mzigo kiasi gani?

Kwa hiyo somo la Riyadh linatuhusu moja kwa moja, na tena tuna mifano yetu. Mwaka 2019, kwenye mashamba ya mpunga ya Cheju, Unguja, watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi wakishirikiana na wenzao wa Zanzibar walitumia Agras MG-1S kunyunyizia maji ya mashamba kimiminika kinachotanda juu kama utando na kuzuia viluwiluwi vya mbu. Dakika zake 10 za tanki lililojaa zilitosha, kwa sababu shamba liko chini ya miguu ya rubani na tanki linazidi kuwa jepesi kadiri kazi inavyoendelea. Hapo droni ya propela nyingi ilikuwa mahali pake.

Ukerewe ilikuwa kazi ya aina nyingine. Mwaka 2018, DHL, shirika la GIZ la Ujerumani na kampuni ya Wingcopter walisafirisha dawa kutoka Mwanza hadi kisiwani, kilomita 60, kwa wastani wa dakika 40. Njia ya nchi kavu ni kilomita 240 na inachukua kama saa 6. Chombo kile kilipaa kama droni, kisha propela zikainamia mbele na bawa likachukua uzito. Mzigo wake ulikuwa kilo 4. Hakuna droni ya propela nyingi ya betri ambayo ningeithubutu kuituma juu ya ziwa umbali ule na mzigo wa maana, hata ukiniahidi betri za aina gani. Bawa linapata msukumo wa juu kwa kusonga mbele tu. Propela nyingi zinalipia kila sekunde.

Kuna wanaokimbilia mafuta. Kilo moja ya petroli ina nishati mara 50 na zaidi ya kilo ya betri, na hata ukipoteza sehemu kubwa kwenye injini ndogo na jenereta yake, bado unakaa hewani saa kadhaa. Lakini jenereta ina uzito wake, inatetemeka, na injini yenyewe inavuta hewa ile ile nyepesi, kwa hiyo nayo inapungukiwa nguvu Riyadh na Nairobi. Inachekesha kidogo kwamba katika nchi ya Aramco, kampuni ya mafuta, kinachopigiwa mbio ni betri. Njia nyingine ni waya: droni imefungwa kwa kebo inayoiletea umeme kutoka ardhini, nayo inakaa juu siku nzima mahali pamoja. Kwa kamera ya ulinzi, taa ya uwanja wa mahema au antena ya simu, sioni sababu ya mtu kutesa betri. Kuna na seli za hidrojeni, bei yake bado ni ya wenye mifuko mirefu.

Wenye mifuko mirefu wenyewe huanguka. Juni 2023, kampuni ya Volocopter ya Ujerumani ilirusha chombo chake cha rota 18 huko NEOM, kaskazini magharibi mwa Saudi Arabia, kwa shangwe kubwa. Desemba 2024 ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi. Tukumbuke hilo kila tunapooneshwa video yenye muziki mzuri.

Saudi Arabia haitegemei wageni peke yao. KACST, kituo cha taifa cha sayansi na teknolojia kilichopo Riyadh, kilionyesha mwaka 2017 ndege yake isiyo na rubani iitwayo Saqr, lakini hiyo ni ya mabawa. KAUST, chuo kikuu kilichofunguliwa mwaka 2009 huko Thuwal, kaskazini mwa Jeddah, kimetumia droni kusoma afya ya mazao kwenye mashamba ya Al-Kharj karibu na Riyadh. Na Jeddah kuna Al-Balad, mji wa kale wa nyumba za mawe ya matumbawe na madirisha ya mbao, ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2014. Mzanzibari akipelekwa pale amefumbwa macho, akifumbuliwa atadhani yuko Mji Mkongwe. Kupima kuta kama zile kwa leza ni kazi inayohitaji hasa droni ya kubeba kifaa kizito na kutulia, na wenye Mji Mkongwe wangefaa kuifuatilia kwa karibu.

Anayefikiria kuunda chake huko Riyadh asianze na skrubu, aanze na kibali. Usiku wa tarehe 21 Aprili 2018, walinzi katika mtaa wa Khuzama, Riyadh, karibu na makazi ya kifalme, walidungua droni ndogo ya kuchezea. Milio ya risasi ikaenea mitandaoni na uvumi wa mapinduzi ukafuata. Tangu hapo masharti yalikazwa, na shambulio la droni na makombora la Septemba 2019 kwenye mitambo ya mafuta ya Abqaiq, lililozima nusu ya uzalishaji wa mafuta wa nchi hiyo halikulegeza kitu. Bila usajili wa GACA, droni ya kilo 27 juu ya Riyadh ni kesi. Marekani na Ulaya nako kilo 25 ndio mpaka ambao ukiuvuka unaingia kwenye sheria ngumu zaidi, sababu nyingine ya kuzinyang'anya zile kilo. Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020 chini ya KCAA, mamlaka yake ya usafiri wa anga, na Tanzania huwezi kukwepa mamlaka ya huko, TCAA.

Na ndugu zetu walioko Jeddah wanaotaka kuleta vifaa nyumbani wajue jambo moja la uwanja wa ndege. Abiria anaruhusiwa kubeba mkononi betri ya hadi wati-saa 100, na hadi 160 kwa ruhusa ya shirika la ndege. Pakiti moja ya droni ya mizigo inapita hapo mbali. Hiyo husafirishwa kama shehena hatarishi, kwa karatasi zake na gharama yake, na bajeti isiyohesabu hilo itakwama bandarini.

Kwa yule anayenunua badala ya kuunda, iwe halmashauri, ushirika wa wakulima au hospitali: muuzaji akikwambia droni yake inakaa angani dakika 40, muulize ikiwa imebeba kilo ngapi, kwenye nyuzijoto ngapi na mwinuko gani. Akibabaika, mwambie aifunge mzigo wako, airushe mbele yako saa nane mchana, nawe ushike saa.